Posa Yangu na Mtu wa Barakoa ya Chuma

Posa yangu ilitaka kuvunjika kwa sababu ya mwanamume mmoja wa kwenye filamu, ambaye hajui hata kijiji chetu cha Nyakahura kiko upande gani wa dunia. Leo nacheka. Siku ile yeyote ambaye angecheka mbele yangu ningemrushia mwiko.

Mimi ni Ineza, binti Kwizera. Baba yangu, Mungu amrehemu, alipenda filamu kuliko watoto wote wa kijiji. Kila Jumamosi mchana akitoka shambani alinawa miguu, akavaa shati lake la kanisani, akaenda kibanda umiza, kile chenye televisheni moja na mabenchi ya mbao. Hakwenda peke yake. Kulia kwake alikaa mdogo wake, Baba Mdogo Niyomugabo. Kushoto alikaa rafiki yao, Mzee Celestini, Mhangaza wa Bukiriro aliyehamia kwetu zamani na ng'ombe wake. Baba alikaa katikati. Steringi, yaani shujaa wa filamu, akipigwa mpaka akalala chini, watu wakaanza kuguna, baba alikuwa ananyanyua mkono: "Tulieni. Steringi hafi." Na kweli, steringi alikuwa anaamka.

Mwaka jana baba aliugua. Tukampeleka hospitali, na hakurudi.

Sasa sikilizeni mambo ya wazee. Kulikuwa na filamu za Kimondo, shujaa anayeruka angani akiwaka moto. Kimondo ni jina alilopewa na Elick, kijana wa Biharamulo mjini anayetafsiri filamu kwa sauti yake. Lile la Kizungu hakuna anayelikumbuka. Miezi michache baada ya sisi kumzika baba, ikaja filamu ya mwisho, na Kimondo akafa. Alikufa kweli, akazikwa, mvua ikanyesha juu ya kaburi. Watu walitoka kibandani bila hata kuagana.

Haukupita muda, trela ya filamu nyingine ikaanza kuzunguka kwenye simu. Kampuni tofauti, mashujaa tofauti, wanaishi kwenye kisiwa chenye moshi. Katikati yao amesimama mtu mrefu amevaa barakoa ya chuma. Hasemi neno.

Mzee Celestini aliitazama trela ile mpaka simu ikazima. "Ni Kimondo huyu!" akasema. "Oneni bega la kushoto linavyoshuka. Kampuni zimeungana, na dunia zao sasa ni moja. Alipofia kule ametokea huku."

"Kampuni haziungani," Baba Mdogo akajibu. "Huyo ni mwigizaji tu, kazi kule imekwisha, ametafuta kwingine. Kimondo kafa. Tumeona kaburi."

Basi ikawa ndiyo habari ya mjini. Kwenye mashine ya kusaga, mnadani, nje ya kanisa baada ya misa, ni barakoa, barakoa. Wengine walisema mwigizaji ni yule yule ila safari hii ni adui. Wengine wakasema ni pacha wake Kimondo. Shangazi yangu Kanyange, ambaye hajawahi kukanyaga kibandani, alitazama trela mara moja akasema yule ni mwanamke, kwa namna anavyoshika kiuno.

Yote hayo yangekuwa mchezo, lakini ulimi hauna mfupa. Jumamosi moja, mbele ya kibanda kizima, Baba Mdogo akamnyooshea Mzee Celestini kidole. "Mimi na wewe hatutii mirija kwenye chungu kimoja mpaka useme kwa mdomo wako kwamba Kimondo amekufa!"

"Basi tutakufa na kiu," Mzee Celestini akajibu. Naye akaondoka.

Mgeni anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Kwetu si dogo hata kidogo. Babu yangu alivuka kutoka Burundi na vitu vichache, na kimojawapo kilikuwa chungu cha pombe ya mtama. Waliogombana wakipatana, hutia mirija yao kwenye chungu kimoja na kunywa pamoja. Na posa ni hivyo hivyo. Wasemaji wa pande mbili wakishakubaliana, wanainama juu ya chungu, wanakunywa, ndipo binti ameposwa. Wasipokunywa hakuna posa, hata mkila ng'ombe mzima.

Na msemaji wa kwetu alikuwa nani? Baba Mdogo, ndugu pekee wa kiume wa baba. Msemaji wa upande wa Philbert wangu, aliyetaka kunioa? Mzee Celestini, baba yake mkubwa. Mama yangu wee!

Nilikwenda kwa Baba Mdogo nikapiga goti. "Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Najua kilichokuleta."

"Basi nihurumie. Msamehe mzee mwenzio hata kwa mzaha, mnywe, mambo yaishe."

"Neno nimeshalisema mbele ya watu, Ineza. Yeye ndiye anayecheza na mambo ya kufa. Aliyekufa amekufa."

"Lakini ni filamu, Baba Mdogo!"

Alichukua jembe lake akaenda migombani. Nilirudi nyumbani nikiwa nimefura kwa hasira. Nilimpigia Philbert nikamwambia kama baba yake mkubwa anapenda barakoa kuliko mimi, basi akamposee barakoa. Masikini Philbert alisema tu, "Nimeshamwomba. Ameniambia hawezi kumzika mtu aliye hai." Nilimkatia simu.

Siku ya posa ikafika hivyo hivyo. Kwa desturi mimi sikutakiwa kuonekana mpaka niitwe. Nilikaa chumba cha ndani na Shangazi Kanyange, tumetenganishwa na sebule kwa pazia tu, roho yangu iko mkononi.

Mwanzo ulikuwa mzuri mno. Mzee Celestini alisimama, akakohoa. "Wenye nyumba, sisi ni wakulima kutoka Bukiriro. Tumesikia hapa kuna mbegu njema. Tumekuja kuomba."

"Mmechelewa," Baba Mdogo akasema. "Mbegu zimeliwa na panya."

"Panya gani huyo asiyeacha hata moja? Mleteni, tumpose yeye."

Watu wakacheka, na Baba Mdogo mwenyewe nikamsikia akicheka. Wakaendelea kurushiana maneno vizuri, kama watu waliofahamiana maisha yao yote, na kweli wamefahamiana. Nikaanza kujidanganya kwamba wamesahau.

Kisha chungu kikaletwa. Kelele zikapungua. Nikachungulia kwenye upenyo wa pazia. Mzee Celestini alikuwa ameshika mrija wake tayari. Mrija wa Baba Mdogo ulikuwa umelala mkekani.

"Niyo," Mzee Celestini akasema polepole, "hata leo?"

"Sema Kimondo amekufa."

"Siwezi kusema uongo mbele ya chungu. Bega lile nalijua."

Jamani! Badala ya watu kuwasihi, nao wakaingia. Mmoja akasema bega la kushoto hushuka kwa kila mtu anayebeba mzigo. Mwingine akasema kampuni haziwezi kuungana kwa sababu mabosi wake hawapatani. Jirani yetu mmoja akauliza ni nani hasa angeigiza baba yake Kimondo kama dunia zingeungana. Katikati ya posa yangu! Philbert alikuwa amekaa kati yao ameinamisha kichwa, jasho linamtoka.

Ndipo mtu akapaza sauti: "Elick si yupo hapa? Filamu ameshaipata! Ameshaanza kuitafsiri!"

Elick alikuwa amekuja na spika zake kwa ajili ya muziki, amekaa pembeni na sahani ya wali. Akaacha kutafuna.

"Ni kweli umeiona?" Baba Mdogo akamuuliza.

"Nimeiona yote, mzee."

"Mpaka anavua barakoa?"

"Mpaka anavua."

Shangazi Kanyange akanishika mkono. Sote tulielewa. Neno moja tu la Elick, na mzee mmoja angeaibika mbele ya ukoo wa mwenzake. Mtu aliyeaibishwa hivyo hainami juu ya chungu, anachukua kofia yake anaondoka. Nami ningebaki na pombe inachacha.

Elick akaweka sahani chini, akafuta mdomo. "Basi wazee wangu, ukweli ni kwamba—"

"Usiseme!"

Walipiga kelele wote wawili. Kwa pamoja! Mzee Celestini alikuwa amenyanyua fimbo yake juu. Lakini aliyepiga kelele zaidi ni Baba Mdogo, naye alikuwa ameziba masikio kwa mikono yote miwili.

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa nauona uso wake. Mtu aliye na uhakika kwamba Kimondo amekufa anaziba masikio kwa nini?

Sijui nilisimama saa ngapi. Shangazi alinivuta kanga, kanga ikabaki mkononi mwake, nami nikatokeza sebuleni bila kuitwa, kitu ambacho binti hafanyi. Vicheko vikakatika.

"Baba Mdogo," nikasema, "hutaki kusikia kwa sababu unatamani awe hai."

Nilidhani atanifukuza. Alishusha mikono yake taratibu.

"Kaka ndiye aliyekuwa anasema steringi hafi," akasema. "Kila Jumamosi. Nikamwamini mpaka hospitali, Ineza. Nilikaa pale mlangoni nikisema ataamka. Halafu huyu anakuja kuniambia eti mtu anafia huku anatokea kule. Nirudie kungoja tena? Nimechoka kungoja."

Machozi yalinitoka, wala sikuyafuta.

Mzee Celestini aliweka fimbo chini. "Niyo, tangu Kwizera aondoke, pale katikati yetu kwenye benchi anakaa nani?"

"Hakai mtu. Nilijua hutaki kusogea karibu nami."

"Mimi? Mimi nawafukuza watu! Anakuja mtu kukaa, namwambia pana mwenyewe. Nilidhani na wewe unajua." Akasogea karibu naye. "Kwizera hatarudi, ndugu yangu. Jeneza lake nililibeba mimi. Lakini huyu wa filamu niachie basi. Niachie mmoja tu wa kumngoja."

Baba Mdogo akafanya ambacho sikukitegemea: akacheka, huku machozi yanamtoka. "Haya, mngoje," akasema. "Neno langu nalirudisha mbele ya watu wale wale walionisikia. Ila bega si ushahidi, Celestini. Hata ng'ombe wako wana mabega."

Akaokota mrija wake, akaufuta kwa kiganja, akautia kwenye chungu. Mzee Celestini akatia wake. Vichwa vyao viwili vyenye mvi vikainama, nikasikia pombe inavutwa. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka kuku wakaruka uani. Nikaketi pale pale sakafuni mbele ya wageni. Philbert alikuwa anacheka peke yake kama mtoto. Shangazi Kanyange akatoka na kanga yangu mkononi, akanifunika mabega, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Lakini yule ni mwanamke."

Walipomaliza kunywa, Mzee Celestini akaniita. "Mkwe, Jumamosi njoo kibandani."

"Kufanya nini, mzee?"

"Kukaa."

Nikaenda. Kibanda kilikuwa kimejaa mpaka watu wamesimama ukutani. Wazee wawili walikuwa kwenye benchi lao, na katikati pana nafasi. Niliketi pale, Baba Mdogo kulia, Mzee Celestini kushoto. Filamu ikaenda, sauti ya Elick ikavuma, kisiwa kikawaka moto, yule mtu wa barakoa akapigwa mpaka akaanguka. Watu wakaanza kuguna. Akapiga magoti. Mkono wake ukapanda taratibu kwenye ile barakoa, na Elick, mjanja yule, akanyamaza makusudi.

Wazee wakanishika mikono, huyu huku, yule kule, wananibana mpaka naumia. Nikauchomoa mkono wa kulia, nikaunyanyua juu.

"Tulieni," nikasema. "Steringi hafi."