Uyoga Uliokatwa Miguu

Bibi yangu alikuwa amekwisha kuwakataa wachumba wawili. Wa kwanza alikunywa chai kwa kelele. Wa pili hakutoa kelele yoyote, na Bibi akasema mtu asiyesikika akila hasikiki hata akiiba. Mama yangu hapingi neno la mama yake, kwa hiyo huyu wa tatu naye angekataliwa, ningebaki na cherehani yangu na sare za watoto wa watu. Na huyu nilikuwa nampenda, sitaki kuzunguka.

Ni mchoraji wa mabango ya maduka. Sifa zake ni nyingi, kasoro yake ni moja: ni mjuaji. Ukimuuliza njia asiyoijua, atakuelekeza tu, tena kwa adabu. Siku aliyoitwa nyumbani, mvua ilikatika asubuhi. Akapita nyuma ya karakana ya mbao, akaona uyoga umejaa kwenye lundo la maranda yaliyooza, akaamua hiyo ndiyo zawadi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umeniletea nini?"

"Uyoga. Ni mzuri huu, naujua."

Bibi akavaa miwani, akaumimina juu ya meza ya jikoni. Nilijikaza nisicheke. Mwenzangu alikuwa ameukata kwa kisu, wote urefu mmoja kama herufi za bango, kisha akauosha ukang'aa.

"Mke mwenzangu, njoo uone," Bibi akaniita. "Mume wetu ametuletea vichwa. Miguu ameiacha wapi?"

"Ardhini, Bibi," akajibu mwenyewe. "Ilikuwa na uchafu."

"Mimi nimekuwa mkunga maisha yangu yote, baba. Kwenye uchafu ndiko habari zilipo. Mficha uchi hazai. Kuna uyoga mweupe unaoliwa, na kuna mweupe unaozika nyumba nzima, na kofia zao zinafanana. Lazima nione chini, shina limetoka kwenye kifuko au halikutoka. Huu wako nitautambuaje? Kwa sauti?"

Akaanza kumweleza habari za rangi, maana rangi ndiyo kazi yake. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, akaumwaga uyoga wote kwenye ndoo ya taka, akampa kijiko kikubwa na sufuria.

"Kachimbe mwingine. Na ukiuosha, usirudi."

Akaondoka na shati lake jeupe. Mimi nikanuna.

"Bibi, unamwonea."

"Simwonei. Nampunguza kidogo, amekuja amejaa mno."

Alirudi na tope hadi magotini, sufuria imejaa uyoga na udongo wake. Bibi akamkalisha, wakaanza kazi. Kila uyoga Bibi aliugeuza juu chini, akabandua udongo kwa ukucha, akaunusa, kisha akamsukumia mchoraji.

"Huu?"

"Huu una kifuko. Tutupe."

"Huu?"

"Huu hauna, na chini ya kofia ni kahawia kama ule ulioniambia unaliwa. Tule."

"Angalia, mke mwenzangu, anajifunza. Na huu?"

Huo ulikuwa umeliwa na wadudu chini, shina limebaki nusu. Akanyamaza. Ukimya wake naujua, ni wa mtu anayejitungia jibu. Akaugeuza, akaukwangua, akaunusa mara mbili.

"Sijui, Bibi," akasema. Neno lilimtoka kwa shida kama jino.

"Hata mimi sijui," Bibi akasema, akautupa. "Nenda kanawe miguu, nyumba yangu si shamba."

Alipotoka nikasogea karibu na jiko. Bibi alikuwa amekwisha kuweka mafuta.

"Basi Bibi, unasemaje? Anafaa?"

"Sijui."

"Usinitanie, Bibi."

"Sikutanii. Uyoga naupindua naona chini. Mtu mzima vile nitampinduaje, na kiuno changu hiki?"

"Mbona wale wawili uliwajua mara moja?"

"Wale nao sikuwajua. Nilikujua wewe. Ulikuja kuniuliza huku unaomba nikukatalie, nikakukatalia, ukaenda kulala. Hukulia hata kidogo. Chai nilizua tu, maskini, yule wa kwanza alikunywa vizuri."

Miaka miwili nilikuwa namlaumu mwanamke huyu kwa uamuzi niliokuwa nimeufanya mwenyewe. Nje nilisikia maji yakimwagika na mchoraji akijisemea kitu kuhusu suruali yake, nikaona uchungu wa ghafla kwamba sauti ile ingeweza kuondoka nyumbani kwetu kwa sababu tu mimi nimenyamaza.

"Huyu hata ukimkataa, Bibi, nitaolewa naye."

Nilikuwa sijawahi kumwambia Bibi neno kama hilo. Akageuza uyoga kwenye sufuria, akaonja chumvi, wala hakunitazama.

"Haya. Mwite mumeo aje ale."