Tumbo Lililohifadhiwa

Usiku wa jana niliota gazeti letu limenituma Lindi, kwenye mtaa wa kale, niwaandikie wasomaji wapi pa kula. Sikupewa hata chai, maana mhariri wangu anaamini mwandishi wa mapishi akishiba haoni. Mtaa wenyewe ni wa makazi, na sheria yake imeandikwa ukutani: kila kitu kibaki kama kilivyo. Hoteli hakuna hata moja.

Naingia mtaani. Kwenye baraza ya kwanza limekaa sinia la wali wa nazi, limekunja miguu, linajipepea.

"Karibu tule," linasema.

Mimi nimelelewa. Najibu kama ninavyojibu siku zote: "Ahsante, nimeshiba."

Hapo hapo anatokea ofisa wa mambo ya kale. Ni mbuzi ya kukunia nazi, kavaa tai. Anauliza kama ni kweli nimesema nimeshiba. Nakubali, ningefanyaje? Anapigilia kibao tumboni kwangu: TUMBO LILILOSHIBA. LISIBADILISHWE. Hakiumi.

Nalisogelea bakuli la ngisi kwenye baraza ya pili, ofisa ananizuia. Namweleza kwamba yale yalikuwa maneno ya adabu tu. Anasema adabu ndiyo urithi wenyewe, na wafadhili wameshaarifiwa.

Nageuka, baraza imekuwa ukumbi wa semina. Wataalamu wanalizunguka tumbo langu, wameshusha miwani puani. Linanguruma. Mmoja anaeleza kwamba hiyo ndiyo sauti halisi ya shibe ya pwani ya kusini, wenzake wanapiga makofi. Kisha wanatoka kwenda kula biriani, mimi nabaki jukwaani kwa sababu ni kielelezo. Nilikasirika, sifichi.

Nikamuuliza ofisa kibao kinaondolewaje. Akakohoa unga wa nazi, akasema:

"Mwenye tumbo aikane shibe yake mbele ya mama mkwe."

Bora nife. Mtu anaweza kumlilia njaa Mungu, daktari, hata mwenye nyumba anayemdai kodi, lakini si mama mkwe. Na wangu, Bi Somoe, anaishi mtaa huu huu. Tangu nimwoe binti yake, kila nikienda kwake namega matonge mawili, nasema alhamdulillahi, nasukuma sahani. Ndivyo mkwe mwenye heshima anavyokula.

Nasukuma mlango wa ukumbi, najikuta jikoni kwake. Pweza wa nazi anachemka. Namwamkia, ananiitikia bila kuinua macho, wala haniambii karibu. Amechoka kunikaribisha.

Sufuria zote zimenyamaza, mwiko umenikodolea macho.

"Mama," nasema, "nina njaa."

Kibao kinaanguka. Ofisa anavua tai, anajikunja pembeni ya jiko. Kumbe ni wa humu humu.

Bi Somoe anainua uso. "Miaka yote hii, baba, nilijua unakionea kinyaa chakula changu. Ukiondoka nakimwagia kuku, nalia."

Aibu niliyoisikia hapo ilikuwa kubwa kuliko ile niliyokuwa naikimbia. Nilitaka kumwomba radhi, akanisogezea sufuria nzima, akasema radhi nitaomba nikimaliza. Nakula kwa mkono, nakomba mchuzi, nakwangua ukoko. Sufuria inaniuliza kama nina ndugu wengine wa aina yangu. Kinywa kimejaa, naongeza tonge.

Mke wangu Siwema ananitikisa, kumekucha, tuko kwetu Dar. Jana usiku tulikula kabichi tu. Ana simu mkononi na uso wa mtu asiyeelewa.

"Mama kapiga," anasema. "Anacheka, sijui ana nini leo. Eti umeondoka bila kunawa."

Nauchomoa mkono wa kulia chini ya shuka. Bizari imekaukia hadi kwenye kiganja.