Utulivu wa Kuazima

Tk.

Kufuli lilijifunga upande wa nje, mlio mdogo tu, kama punje ya hindi iliyoruka kwenye kikaango. Odeta alikuwa macho. Gizani akasikia nyayo za mumewe zikishuka kwenye mawe, kisha kasia likigusa maji, kisha kimya. Pembeni yake Mhoja, mtoto wao wa miaka minne, alikuwa amelala chali, mdomo wazi, mguu mmoja ameutupa juu ya tumbo la mama yake kana kwamba naye ameagizwa asimwache aondoke.

Hakukuwa na ubaya wowote katika kufuli lile. Walikubaliana wote wawili. Jana yake, Jumapili, Odeta akiwa ameinamia vita vya Majimaji kitabuni, mtoto alichomoka mlangoni, wakaja kumkuta amesimama ziwani, maji yamemfika magotini, anamwita kenge aje wacheze. Komeo la ndani fundi alikuwa bado hajalileta. Kilichokuwepo ni pete mbili za chuma kwa nje, na kufuli la bosi wa mumewe.

"Nitawafungia nikitoka," Pius alikuwa amesema. "Wewe soma, mimi nivuke ng'ambo nikachukue petroli. Jua likichomoza niko hapa. Halafu nakupakia kwenye boti ya injini, unaingia mjini kwa maji kama mke wa waziri."

"Mke wa waziri hafanyi mtihani wa kidato cha nne."

"Ndiyo maana nchi haiendi."

Wakacheka mpaka Mhoja naye akacheka, bila kujua anacheka nini.

Banda lilikuwa la Bwana Jay, bosi wa Pius, aliyemwajiri kulinda na kuendesha boti. Ilikuwa miaka ile ya biashara huria, kila mtu Mwanza anafungua kitu: huyu kioski, yule baa, mwingine chumba cha kuonyesha video. Jay alirudi kutoka masomoni Ulaya akaacha duka la baba yake, akaenda kujenga banda kwenye mawe ya ufukweni, upande wa Igombe. Kuta za matete, paa la nyasi, mlango wa mninga, madirisha yenye nondo kwa ajili ya wezi. Alisema wazungu watakuja likizo kupanda mawimbi. Ukutani alitundika mbao mbili ndefu, nyepesi, zenye ncha kama mtumbwi uliobanwa na gari. Na kweli mwezi wa saba, upepo ulipokuwa mkali, walikuja wazungu wawili. Walilala juu ya zile mbao, wakaanguka, wakapanda, wakaanguka, siku nzima, huku wanacheka. Pius aliwaangalia akiwa kwenye boti, tayari kuwaokoa, hakuelewa wanachokitafuta.

Odeta naye hakuelewa. Yeye na Pius walikuwa wanadunduliza bati moja moja ili siku moja watoke kwenye nyumba za kupanga, na kumbe kuna watu wanapanda ndege kuja kulala chini ya nyasi.

Pius ndiye aliyeliomba banda kwa siku tatu, lilipokuwa halina mgeni. Chumba chao cha kupanga mjini, mtaa wa Mirongo, hakikuwa cha kusomea: ukuta wa kushoto kinyozi na redio kaseti yake, ukuta wa kulia kwaya inayofanya mazoezi ya ubeti mmoja tangu Pasaka. "Nimekupatia utulivu," alimwambia mkewe, na uso wake uling'aa kama mtu aliyeleta ng'ombe nyumbani.

Utulivu huo ulikuja na masharti yake. Usikaange samaki, harufu itaingia kwenye nyasi. Usianike nguo barazani. Usikalie shuka la kitanda, likunje. Zile mbao usiziguse hata kwa kufuta vumbi. "Mali ya watu, Mama Mhoja." Kwa hiyo walilala chini, kwenye mkeka, kitanda kikubwa cha wazungu kikiwa kitupu pembeni yao, na kila Mhoja alipokohoa Odeta alishtuka asije akachafua ukuta.

Lakini alisoma. Siku mbili alisoma kuliko alivyosoma mwezi mzima kwenye yale madarasa ya jioni, ambako alikaa benchi moja na askari jela na mama mmoja wa vitenge aliyelala kila somo la jiografia. Mtihani wa kwanza ulikuwa leo, Jumatatu, saa nane mchana.

Kulipopambazuka akafungua kibao cha dirisha. Akadhani macho yamemdanganya.

Ziwa halikuwepo. Kuanzia kwenye mawe chini ya baraza hadi mdomo wa ghuba lilitanda shamba, kijani kibichi, lenye maua ya zambarau, limetulia kabisa. Usiku upepo ulikuwa umeyasukuma magugu maji yote ya upande ule ukaja kuyarundika pale.

Mhoja akapanda kwenye stuli, akachungulia katikati ya nondo. "Mama, nani amelima?"

Odeta akaweka uso kwenye nondo. Katikati ya lile shamba alimwona Pius. Alikuwa amesimama ndani ya mtumbwi, dumu la petroli miguuni, anayapiga magugu kwa kasia kama mtu anayepura mpunga. Mtumbwi haukusogea hata kidogo.

"Baba Mhoja!"

"Naam!" Sauti ilikuja vizuri, maana hakukuwa na wimbi la kuimeza. "Msiogope! Nakuja!"

"Unakujaje?"

"Nakuja hivi hivi!"

Akapura. Akapumzika. Akapura tena. Akajaribu kuyavuta kwa mikono. Kila aliposukuma fungu moja, la pili lilijaza pengo. Jua likapanda kutoka kwenye mawe likaanza kuchoma nyasi za paa.

"Rudi nyuma basi, upite ufukweni!"

"Na nyuma kumeziba! Upepo ukigeuka jioni yataondoka!"

Jioni. Odeta akazishika nondo kwa mikono miwili. "Nirushie funguo!"

Pius akaupima umbali kwa macho. Akavua shati, akaufunga ufunguo kwenye ncha ya mkono wa shati hilo, akafanya fundo, akatia na kipande cha kamba ili lipate uzito. Akazungusha mara moja, mara mbili, akaachia. Shati likaruka vizuri, likapanda, Odeta akajikuta ameinua mikono kana kwamba angelidaka kupitia nondo. Kisha likafunguka hewani kama kunguru aliyepigwa jiwe, likashuka kwenye maua, mbali sana na mawe. Likakaa juu ya majani. Likazama taratibu, mkono mmoja ukabaki juu kidogo, nao ukaenda.

"Mayu, mama yangu!" Pius akashika kichwa.

"Shati la Baba limekunywa maji," akasema Mhoja.

Odeta akageuka akauangalia mlango. Aliusukuma kwa bega, ingawa alijua. Mninga ni mninga. Akazunguka chumba akigusa kuta kwa kiganja, akafika ukuta wa nyuma, ule uliotazama kichakani, akasikia matete yakijibu kwa wepesi chini ya mkono wake. Akarudi dirishani.

"Baba Mhoja, nikikata ukuta?"

"Nini?"

"Ukuta! Wa nyuma! Nina kisu!"

"Usithubutu!" Mtumbwi ukayumba kwa jinsi alivyoruka. "Odeta, usithubutu! Mlinzi aliyepita alifukuzwa kwa kuanika dagaa barazani, sembuse ukuta! Tutakula wapi? Kodi tutalipa na nini?"

"Na mtihani?"

Pius akaweka kasia. Alikaa chini ndani ya mtumbwi, kifua wazi, akafuta jasho kwa kiganja. Alipojibu, sauti yake ilikuwa laini, ile ile ambayo humbembelezea Mhoja akiwa na homa.

"Utafanya mwakani, mke wangu. Mwaka si mbali."

Odeta akafunga kibao cha dirisha.

Akakaa chini gizani, mgongo kwenye mlango. Hakuwa na hasira na Pius. Hilo ndilo lililomchosha. Hakuna mtu aliyewahi kumfungia kwa chuki. Mwalimu mkuu, siku tumbo lilipoonekana akiwa kidato cha tatu, alimshika bega akamwambia aende nyumbani, ni kwa faida yake. Mama yake alimweka chumba cha ndani mpaka ajifungue, majirani wasimwone, ni kwa heshima yake. Mwaka jana mtoto alipata surua wiki ya mtihani, mama mkwe akasema mwanamke mwenye akili anajua kipi kinasubiri, mwakani upo. Wote walimpenda. Kila mmoja alifunga mlango taratibu, kama anayefunika chakula kisiingie inzi.

Na mwakani naye angekuwa na lake. Pengine tumbo jingine. Pengine msiba. Pengine kitu kizuri tu, kama siku tatu za utulivu.

"Mama, kojo."

"Subiri, baba."

"Linakuja."

Alimwangalia mtoto. Mhoja alikuwa amebana mapaja, macho yamemtoka, anacheza dansi la taabu juu ya mkeka safi wa Bwana Jay. Kwa ajili ya huyu alitolewa shuleni, na asingembadilisha na shule zote za Mwanza. Lakini siku moja huyu naye angeuliza: mama, wewe uliishia wapi? Na yeye angejibu nini? Niliishia kwenye mlango?

Akainuka akachukua kisu cha jikoni.

Matete yalikuwa yamefungwa kwenye fito kwa kamba za katani, fundo juu ya fundo, yamesukwa kwa pembe pembe kama ukili wa mkeka. Mafundi kutoka Ukerewe waliifanya kazi ile mwezi mzima, na Bwana Jay alikuwa akiwaonyesha wageni ukuta huo kabla hata ya kuwaonyesha ziwa. Odeta alijua hawezi kuurudishia. Hilo hakujidanganya. Aliingiza ncha ya kisu chini ya kamba ya kwanza, akavuta.

Kamba ikalia, ikakatika.

Ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Ya tatu hakuifikiria. Matete yakaanza kulegea na kuachana, mwanga mwembamba ukaingia, mstari mmoja, mistari miwili, na upepo wa kichakani wenye harufu ya mavi ya mbuzi na majani makavu; Odeta akauvuta kifuani kama mgonjwa aliyetolewa nje. Tete moja likamchana kiganja. Akalipiga teke. Akapiga tena. Tundu likawa la kupita mbuzi, kisha la kupita mtu.

"Toka, kojolea huko!"

Mhoja akatoka kwa magoti, akakojoa kwa muda mrefu sana, akiugulia kwa raha. Odeta akamfuata, kalamu mbili na rula zikiwa kifuani ndani ya blauzi, kanga mdomoni. Sketi ikanasa. Akaivuta, ikachanika kidogo pembeni. Sawa.

Akambeba mtoto mgongoni, akafunga kanga, akakaza. Mpaka barabarani ni saa nzima ya kupanda mawe, na magari ya Igombe hayana ratiba. Lakini jua lilikuwa bado upande wa asubuhi. Modesta, mke wa kinyozi, angemshika mtoto. Saa nane ilikuwa bado mbele yake.

Kilichobaki ni kimoja. Njia ilianzia mbele ya banda, pale pale kwenye baraza, na mtu aliyekuwa katikati ya magugu angewaona tu. Odeta alipokuwa akizunguka kona alikwisha kutunga maneno. Angesema pete za mlango zililegea zenyewe. Angesema nitakueleza jioni. Jioni Pius angekuwa ametulia, wangekaa, wangetafuta namna ya kumwambia Bwana Jay, na yeye angekwenda kusimama pale pamoja na mumewe, aseme ni mimi.

Pius aliwaona. Akasimama kwa miguu yote miwili, mtumbwi ukipepesuka, kasia mkononi, mdomo wazi. Akautazama mlango, kufuli likiwa linaning'inia mahali pake. Akamtazama mkewe. Akautazama mlango tena.

"Mmetokaje?" akauliza, na safari hii hakupiga kelele.

Odeta akafumbua mdomo. Mgongoni kwake Mhoja akachomoa mkono kwenye kanga, akampungia baba yake, na kwa sauti safi, ya furaha, iliyovuka maua yote yale, akasema:

"Baba, Mama amekata nyumba."