Darubini ya Bei Yetu

Salesio alifunga mlango wa mbele wa duka lake, akatia komeo, ndipo akatoa darubini mbili kutoka chini ya gunia la maharagwe. Mwaka ule wa 1966 hapakuwa na mtu Isiolo aliyeshika kitu cha kutazamia mbali moyo wake ukatulia. Wanajeshi walikuwa na kizuizi barabarani, si mbali na duka, na kioo kikimeta juani, aliyekishika haulizwi jina.

"Harakisha, Mzee Nanok," alisema. "Mimi ni Mmeru wa biashara. Sijaomba kazi ya kufa."

Nanok hakucheka. Mkewe Regina, aliyekalia debe lililopinduliwa, hakucheka pia. Mbuzi wao wawili walikuwa wamegeuka kuwa noti ndani ya fundo la leso yake, na ngumi yake ilikuwa juu ya fundo hilo.

Nanok alikuwa mwindaji wa ofisi ya wanyama. Kwa miaka kumi na tisa, simba akila punda wa watu au fisi akizoea maboma, aliyeitwa ni yeye, Mturkana asiyekosa. Kazi hiyo ndiyo iliyompa nyumba ya ofisi, vyumba viwili vya bati, na ndiyo iliyowasomesha watoto. Bunduki yenyewe ililala stoo ya ofisi na kutolewa siku ya safari tu. Jumatatu alitakiwa aende nayo Gotu, ambako simba alikuwa amemaliza punda wanne. Bwana mkubwa alikuwa amemwambia mambo mawili. La kwanza, akitaka darubini juu ya bunduki, anunue kwa pesa zake. La pili, akiona mtu mwenye bunduki huko porini, huyo ni shifta, mwasi wa vita vya huku kaskazini, ampige asingoje kuonwa.

Hilo la pili ndilo lililomnyima usingizi. Mwezi uliopita, kwenye mto Ngare Mara, alimlenga fisi aliyeinama kunywa maji. Kidole kilikuwa tayari kwenye kifyatulio pale fisi aliposimama kwa miguu miwili, akajitwika mtungi, akaenda zake. Alikuwa mwanamke mwenye shuka la kahawia. Nanok aliketi mchangani akatapika. Nyumbani alimwambia Regina kwamba shabaha ya bunduki imepinda. Juma lililofuata kosa likawa la vumbi, kisha la jua. Kila kitu Isiolo kilikuwa na kosa isipokuwa jicho lake la kulia, lile lililokuwa likiingia ukungu tangu mwaka juzi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Nanok aliona afadhali aumbuliwe na kifo kuliko na bwana mkubwa.

"Hii ndogo ni ya Mjapani," Salesio alisema. "Mia moja na arobaini, kwa sababu ni wewe. Hii ingine ni ya Mjerumani. Nilinunua kwa mzungu wa Timau akifunga mizigo kurudi kwao. Mia nne."

"Tuna mia na hamsini," Regina alisema.

"Basi ni ya Mjapani. Lakini jaribu zote, mama. Kutazama si kula."

Salesio alifungua dirisha dogo la nyuma, akawataka wakae ndani kabisa, gizani, kioo kisione jua. Nje palikuwa na uwanja mtupu hadi ua wa miiba wa soko la ng'ombe. Nanok aliilaza ile ndogo juu ya gunia, akafanya kama mtu anayejua kazi. Aliigonga kwa kucha asikilize kama kuna kilicholegea. Aliweka jicho, akasogeza kichwa kushoto na kulia kuona kama msalaba wa nyuzi wa kulengea ulio ndani utahama. Haukuhama. Lakini ua wa miiba ulikuwa moshi tu.

"Hii ina unyevu ndani," alisema.

Salesio aliinama akatazama. "Unyevu wapi? Mimi naona mbuzi anatafuna karatasi. Karibu nisome imeandikwa nini."

Regina alimtazama mumewe. Nanok alipangusa jicho, jasho likimtiririka ubavuni, na kusema vitu rahisi ndivyo vilivyo. Huenda aliyaamini kidogo maneno yake. Aliichukua ile ya Mjerumani.

Hii ilikuwa nzito na tamu mkononi, na uwanja ulikuja karibu hata akashusha pumzi. Hapo ndipo mtu alipotokea kwenye pengo la ua. Mrefu, shuka jeupe, anakuja moja kwa moja upande wa duka. Begani alikuwa na bunduki. Nanok aliuona mtutu ukipanda na kushuka kwa mwendo wake, na moyo ukamruka. Alimweka katikati ya msalaba, akabana pumzi kama alivyofanya miaka kumi na tisa, na kidole chake kikakunjika hewani, taratibu, mpaka mwisho.

"Aa, ni Denge," Salesio alisema kwa macho yake matupu. "Leo amechelewesha maziwa."

Denge, jirani yao Mborana, alifika dirishani, akateremsha begani ile bunduki, ambayo ilikuwa fimbo tu yenye vibuyu viwili vikining'inia.

"Salaam aleikum. Mnajifungia ndani mchana, mnaogopa mimi?"

Denge alicheka peke yake, akamimina maziwa kwenye kikombe, akampa Nanok kwanza kama kila asubuhi. Nanok alikipokea kwa mikono miwili.

"Mama Ekeno," alimwambia mkewe, "nimemuua Denge."

"Haki, mzee!" Salesio alisema. "Denge si huyo anamimina?"

"Nimemuua. Na hii ni ile ya mia nne."

Regina hakubisha. Wakati wote mumewe akitazama uwanja, yeye alikuwa akitazama mkono wake, na alikiona kidole kikikunjika. Aliogopa kuliko alivyowahi kuwaogopa mashifta. Aliwaza vile vyumba viwili, bati, na mahali watakapolala mwezi ukiisha. Kisha alikaza fundo la leso kwa meno, akasimama.

"Kunywa maziwa ya jirani yako kwanza," alisema. "Halafu twende ofisini ukawaambie bunduki wampe mtu mwingine."

Nanok alikunywa yote, akamrudishia Denge kikombe, akamuuliza habari za watoto mmoja mmoja kwa majina.