Chini ya Miaka Kumi na Tisa

Usiku wa jana niliota, na kabla hujauliza, sikuwa na homa wala sikulala na njaa. Nililala na soksi za mechi miguuni, basi.

Ili ndoto ieleweke, lazima kwanza niseme mambo yalivyokuwa. Mimi ni Mkawasi, mshambuliaji wa Shule ya Wasichana ya Ilandani. Leo saa nane mchana tulikuwa tucheze nusu fainali ya kaunti na Mwakingo, ambao hatujawahi kuwafunga tangu shule yetu ijengwe. Juzi Mwakingo wakakata rufaa kwa kamati ya mashindano. Walisema nimepita umri. Kanuni inataka mchezaji awe chini ya miaka kumi na tisa, na cheti changu cha kuzaliwa kinasema nina kumi na tisa na miezi mitatu.

Nina kumi na saba. Siku Mama alipokwenda kutuandikishia vyeti, alibeba kadi mbili za kliniki, yangu na ya kaka yangu Mwadime, na karani akanakili tarehe ya Mwadime mara mbili. Kwa mujibu wa serikali, sisi ni mapacha. Mama aliambiwa arudi wiki ijayo irekebishwe. Hiyo wiki haijafika mpaka leo.

Haya. Katika ndoto nimesimama kwenye bwalo la chakula, nalo ni mahakama. Hakuna anayeshangaa. Hakimu ni Mama Righa, mpishi wetu, amevaa joho jeusi na kushika mwiko.

"Shikamoo, Mama," nasema.

"Niite Mheshimiwa. Mama ni wakati wa chakula." Anagonga sufuria kwa mwiko. "Mahakama hii inasimamisha nusu fainali."

Nusu Fainali, aliyekuwa ameketi benchi la nyuma, anasimama. Ni mwanamke wa makamo, mnene, mwenye kiatu kimoja, hereni moja na nusu ya tabasamu.

"Nisimame mpaka lini, Mheshimiwa?"

"Mpaka uamuzi utolewe."

"Magoti yangu ni mabovu."

"Ungezaliwa robo fainali," Mama Righa akamjibu, na karani wa mahakama akaandika.

Wakili wa Mwakingo alikuwa kipaza sauti. Alikuja amebebwa na waya wake mwenyewe, akajisafisha koo hadi madirisha yakatetemeka.

"Moja, mbili. Moja, mbili. Mnanipata?"

"Tunakupata," bwalo zima likaitika.

"Mheshimiwa, msichana huyu ni mzee. Namwita shahidi wangu, Cheti cha Kuzaliwa."

Cheti akaingia. Alitembea upandeupande kwa sababu ya kukunjwa katikati miaka mingi, na kila alipopiga hatua alitoa harufu ya sanduku la Mama. Nilitaka kumsalimia, maana tumekaa nyumba moja, lakini alikwepa macho yangu.

"Unaapa kusema kweli?" Mama Righa akamuuliza.

"Mimi nasema nilichoandikiwa."

"Hicho ni kweli au si kweli?"

Cheti akafikiri. Pembe zake zikajikunja kidogo. "Mheshimiwa, mimi nina mhuri. Mambo ya kweli sikuulizwa."

Watu wa Ilandani wakapiga makofi, watu wa Mwakingo nao wakapiga makofi, kila upande ukidhani umeshinda hoja. Mama Righa akagonga tena sufuria, na hapo hapo bwalo likawa uwanja wa mpira. Jua linawaka. Nyasi zimekatwa. Umati umejaa mpaka kwenye paa za madarasa, na mimi nimevaa jezi yangu namba tisa iliyopigwa pasi, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Soma kanuni," akasema Mama Righa.

"Mchezaji sharti awe chini ya miaka kumi na tisa," wakili akanguruma.

"Ileteni hiyo miaka."

Wakaileta kwa mkokoteni. Ilikuwa magunia kumi na tisa, yote yale ambayo Cheti alikuwa amenihesabia. Wakayapanga juu ya goli moja baada ya jingine, na mtambaapanya ukapinda kama upinde.

"Mkawasi, kaa chini yake."

Nikaenda nikakaa golini, chini ya magunia. Juu yangu mtambaapanya ulilia kri, kri.

"Yuko chini?" akauliza Mama Righa.

"Yuko chini kabisa," akajibu Nusu Fainali, aliyekuwa bado amesimama, jasho likimtoka upande mmoja.

"Pingamizi!" wakili akapiga yowe mpaka waya ukatoa cheche. "Hivyo hata bibi yangu angekaa hapo!"

"Bibi yako anacheza namba ngapi?"

Wakili akatoa mluzi ule wa vipaza sauti vinapokaribiana. Ndipo magunia mawili ya mwisho, upande wa kushoto, yakaanza kujitikisa.

"Samahani," moja likasema kwa sauti ya vumbi. "Sisi tumepandishwa hapa kimakosa."

"Mnatoka wapi?" akauliza Mama Righa.

"Sisi ni wa Mwadime. Ni miaka yake miwili ya kwanza. Tufungueni mtazame. Mkawasi hayumo."

Wakayafungua. Nikachungulia na mimi. Ndani nikaona nyumba yetu kabla haijapakwa rangi, na Mama, kijana kuliko nilivyowahi kumwona, anapepeta mchele mlangoni. Mgongoni ana mtoto mmoja. Nikatafuta kila pembe ya gunia, chini ya kitanda, nyuma ya mlango. Kweli sikuwemo. Ni jambo la ajabu kufurahi hivyo kwa kukosekana mahali.

Kule kwenye umati mtu akasimama juu ya kiti. Ni Mama, yule wa leo, na kilemba chake cha kwenda mjini.

"Ndiyo hiyo!" akapaza sauti. "Miaka ile nilikuwa na mmoja tu! Mheshimiwa, huyu mtoto nilimzaa mimi, karani hakuwepo!"

Uwanja ukalipuka. Magunia mawili yakateremka yenyewe, yakashikana mikono, yakaenda zao nyumbani kwa miguu. Mtambaapanya ukanyooka. Nilihesabu yaliyobaki juu yangu: kumi na saba, na yote nilikuwa nikiyafahamu kwa majina.

"Nusu Fainali, jiandae," akasema Mama Righa.

"Bado!" Wakili aliinuka juu ya waya wake kama nyoka. "Nina zuio!"

Zuio akaja. Alikuwa mpana kama mlango wa ghala, na glavu za kipa kila mkono. Akanisukuma taratibu kutoka golini, akasimama yeye katikati, akatazama saa yake.

"Mimi ni zuio la muda," akajitambulisha kwa heshima. "Nimeagizwa kwamba Mkawasi asiguse mpira."

"Kwa muda gani?" nikamuuliza.

"Mpaka mechi ipite, dada yangu."

Nikamtazama Nusu Fainali. Magoti yake yalikuwa yakigongana. Akiketi, imeahirishwa. Akianguka, haipo tena mwaka huu, na mwakani mimi nitakuwa nimemaliza shule. Wenzangu wote kumi walikuwa mstarini, wameshikana mikono, hakuna anayepumua. Nyambu, kapteni wetu, ambaye halii hata akivunjika kidole, alikuwa akilia.

"Mheshimiwa!" nikapiga kelele. "Amua! Huyu mama anaanguka!"

Mama Righa akasimama. Akachukua jalada la kesi, la samawati na nene kama tofali, akalipima uzito kwa mikono miwili.

"Kesi hii," akasema, "naitupa nje."

Akarudi nyuma mpaka kwenye mstari wa pembeni. Akaweka miguu yote miwili chini, akapeleka jalada nyuma ya kichwa, akalirusha kwa mikono yote miwili. Mwamuzi alitazama kwa makini. Hakuona kosa.

Jalada linapaa. Kurasa zinapigapiga kama mabawa ya kuku. Ninakimbia. Sijawahi kukimbia hivyo, uwanja wenyewe unanisukuma nyayo. Zuio anafungua mikono, goli lote linajaa Zuio.

"Huo si mpira!" namwambia nikiwa tayari hewani. "Hiyo ni kesi!"

Zuio akatoa karatasi yake mfukoni, akaisoma.

"Ni kweli," akasema. "Kesi sikuagizwa." Akasogea kando.

Nikalipiga kwa kichwa, hapa mbele, kwenye mwanzo wa nywele. Likatoa mlio wa mlango kufungwa na kuingia kona ya juu, kurasa zikatapakaa wavu mzima. Goli! Wenzangu wakanirukia wote kumi. Na Nusu Fainali, baada ya kusimamishwa muda wote ule, akapandisha sketi yake na kuendelea, mbio, na kile kiatu chake kimoja.

Nikaamka. Bweni lilikuwa tupu, jua limejaa vitandani. Mwalimu wetu wa michezo, Mwalimu Wakio, alikuwa ameagiza nisiamshwe, kwa kuwa siku mbili nzima sikuwa nimelala kwa wasiwasi. Sasa yeye mwenyewe alikuwa mlangoni, anahema, simu mkononi.

"Mkawasi! Amka, amka! Rufaa imetupwa! Mama yako alifika kwa kamati kabla hawajafungua ofisi, na kadi zote mbili. Unacheza!"

Nilitaka kuruka, lakini paji la uso lilikuwa linaniwasha. Nikapeleka kidole kwenye matuta ya nywele, hapa mbele. Kulikuwa na pini ya stepla imenasa, na kwenye pini kipande cha karatasi ya samawati, kidogo kama ukucha. Kilikuwa na maneno mawili ya taipu: *dhidi ya*.

"Una nini hapo?" akauliza Mwalimu Wakio.

"Hakuna, Mwalimu," nikasema, nikakisukuma kipande kile ndani ya soksi. "Twende, wasije wakatungoja."