Kitu Kinachokula Betri

Mdogo wangu aliingiza gari gereji akiwa na mdomo uliopasuka, na kabla sijauliza nilijua ni mkono wa nani. Wateja hawaniiti Shoti bure. Ukinigusa vibaya nawaka. Nikatupa koleo mezani, nikaanza kuvua ovaroli ili nikamtafute shemeji huko huko kwenye kiwanda chake cha mbao.

"Dada, tulia," alisema, hajaachia usukani. "Sikuja kukulilia. Nitengenezee gari. Leo naondoka."

Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na bintiye, kabanwa katikati ya mabegi. "Shikamoo mama mkubwa," aliniambia, huku macho yake yako getini. Mtoto hata shule hajaanza anachunga geti! Nilimwitikia, nikafungua boneti kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Lina nini?"

"Linakufa usiku. Jioni unalizima likiwa zima, asubuhi ukiwasha, tik, basi. Mara ya kwanza nilipotaka kuondoka akanikuta uani na mabegi yangu. Ya pili hivyo hivyo." Alishika ubavu wake bila mwenyewe kujua. "Ananiambia hata gari lenyewe halitaki niondoke. Na betri ni mpya, dada, mpya kabisa! Leo jirani ameniwashia kwa betri yake. Mwenyewe nimeanza kuamini nimerogwa."

"Umerogwa nini, jamani! Kwa nini usipande basi?"

"Stendi nzima inamjua. Akipata habari kabla sijatoka nje ya mji, ataniua." Mdogo wangu hana tabia ya kutia chumvi. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani.

Nikamwambia alizime. Akakataa. Ilibidi nimwapie haki ya Mungu kwamba nitaliwasha tena, ndipo akageuza ufunguo, shingo upande.

Gari lilikuwa limesimama juu ya shimo la kazi, uso wake ukitazama benchi langu la chuma. Nikapima betri: nzima. Alteneta nilikuwa nimeisikiliza na kuipima injini ikiwa inanguruma: inachaji vizuri. Starta haina kosa. Basi kuna kitu kinakula umeme gari likiwa limelala. Nikachomoa waya hasi kwenye betri, nikaiweka taa yangu ya kupimia hapo katikati, mguu mmoja kwenye waya, mwingine kwenye kichwa cha betri. Milango imefungwa, redio imezimwa, kila kitu kimya. Taa hiyo haikutakiwa kuwaka. Ikawaka.

"Umeona? Yupo anayekula," nilimwambia.

Nikaanza kuchomoa fyuzi moja moja. Kazi hii haitaki papara: ukichomoa fyuzi ya mwizi, taa inazimika, umemkamata. Nikachomoa ya redio. Inawaka. Ya honi, ya taa za ndani, ya feni. Inawaka tu, inanitazama. Nikazimaliza zote, taa iko pale pale, haina habari. Hapo nikajua huu si ubovu. Kuna mtu amevuta waya moja kwa moja kutoka betri kabla ya fyuzi, na hakuna kiwanda duniani kinachofunga gari namna hiyo.

Nikaufuata waya kwa vidole hadi ndani, chini ya dashibodi, nyuma ya pedeli. Nikakikuta. Kijisanduku cheusi, kidogo kama kiberiti. Nimeshavifunga vingi kwenye magari ya kukodisha: kinamwambia mwenye simu gari liko wapi, na mwenye simu akibonyeza, starta inakatika. Hiki kilikuwa cha bei ya chee, cha kunyonya betri usiku kucha. Waya mwembamba wa starta ulikuwa umekatwa na kupitishwa ndani yake. Shemeji alikuwa amemfunga mke wake kamba, na kamba yenyewe ndiyo iliyokuwa inaua betri.

Kilichonitoa roho ni kiungo cha waya. Baba yetu alitufundisha kuzisuka nyuzi za waya tatu tatu kama nywele, halafu unazungusha utepe na kuukunja ncha yake kama sikio dogo, ili kesho usihangaike kuubandua. Mafundi wengine hutucheka, wanasema tunapamba harusi. Katika mji huu wanaosuka waya hivyo ni wawili tu: mimi na kaka yetu, tunayefanya naye kazi gereji hii hii. Na mimi hiki sikukifunga.

Mtu mwenye akili angekikata kile kijisanduku kwanza. Mimi nilirudisha fyuzi na waya wa betri, nikashusha boneti, kisha nikachukua spana na kwenda alikolala kaka, chini ya lori. Nilimvuta miguu hadi nje.

"Umefunga nini kwenye gari la mdogo wako?"

Macho yalimtoka pima. "Shemeji alisema ni kwa ajili ya wezi..."

"Wezi!" Nikamtandika spana ya bega. "Wezi gani wanamvunja mbavu dada yako?" Nikamtandika nyingine, ikampata juu ya jicho, damu ikamshuka hadi kidevuni. Alinikimbia akizunguka lori, mtu mzima na mvi zake, akajitupa ndani ya shimo chini ya gari la mdogo wangu. Nami nilikuwa namfuata humo humo.

"Sikujua anampiga!" alipiga kelele kutoka shimoni.

"Mwongo! Kwenye harusi ya binti yako alikuja na jicho limevimba, wewe ndiye uliyempa barafu!"

Akajisogeza chini ya injini. Hapo nikasikia geti likigonga ukuta.

Shemeji aliingia na simu mkononi. Hakuharakisha. Mdogo wangu alijifungia ndani ya gari na kugeuza ufunguo. Tik. Akageuza tena. Tik. Shemeji akatuonyesha kioo cha simu yake na kutabasamu.

"Shuka," alimwambia. "Nilikwambia halitaki uondoke."

Nilimrukia. Nilimpata kwa spana kwenye sikio, na nilifurahi kuona damu, sitaficha. Lakini yule bwana anabeba magogo tangu ujana wake. Alinishika shingo, akanipigiza mgongo kwenye nguzo, akanipiga ngumi moja ya tumbo, pumzi ikaniisha. Nilipodondoka alinitia teke la mdomo. Jino langu lilitoka na sikulihisi. Kisha akaokota mtaimbo wangu, akapita mbele ya gari, akasimama kati ya bampa na benchi, akaanza kukipiga kioo cha mbele.

Pigo la kwanza kioo kikapasuka. La pili kikazama. Mdogo wangu alikuwa amelala juu ya usukani, bado anageuza ufunguo, tik, tik, na mtoto nyuma anapiga mayowe, "Mjomba! Mjomba!" Alikuwa amemwona kaka akiingia shimoni.

Nilitambaa hadi ukingoni. Kaka alikuwa amesimama chini ya injini, uso mzima damu, bisibisi ndefu mkononi.

"Mwambie aache ufunguo hapo ulipo," alininong'oneza.

Nikapiga yowe, "Acha ufunguo hapo! Usizime!"

Starta ina boliti mbili nene kichwani. Ukiziunganisha kwa chuma, inazunguka, na ufunguo ukiwa umefunguliwa injini inashika, simu ya mtu ipende isipende. Lakini gari likiwa kwenye gia, litaruka. Breki ya mkono ya lile gari ilikuwa haishiki tangu mwaka jana, na mdogo wangu kila akisimama anaacha gia ya kwanza. Kaka aliwaambia polisi kwamba hakujua. Fundi yeyote anajua kwamba hakuna anayeshika starta bila kuuliza gia.

Cheche zikaruka shimoni. Gari likaruka mbele, injini ikashika hapo hapo, na bampa likambana shemeji magoti kwenye benchi la chuma. Mlio wa mfupa niliusikia. Mtaimbo ukamponyoka, naye akalala kifudifudi juu ya boneti, akimtazama mke wake kupitia kioo kilichovunjika, akimwita kwa jina la mapenzi. Haki ya Mungu, kwa jina la mapenzi!

Mdogo wangu alikanyaga klachi, akarudisha nyuma. Shemeji akaanguka.

Nilijikaza, nikamkimbilia dirishani. "Ngoja nikikate hicho kijisanduku!"

"Silizimi!"

"Usilizime!"

Nilijipenyeza miguuni pake, injini inanguruma, damu ya mdomo wangu ikidondokea viatu vyake. Nikakikata kijisanduku, nikakipasua kwa kisigino. Kisha nikausuka upya waya wa starta, nyuzi tatu tatu, nikazungusha utepe. Hakunibusu wala kuniaga. Alikanyaga mafuta akaondoka.

Shemeji walimbeba hospitali na askari wawili pembeni yake. Nasi tulitoa maelezo yetu, kila mmoja uwongo na ukweli wake. Jioni nilikuwa nimeketi ukingoni mwa shimo na kitambaa mdomoni, kaka upande wa pili, hatusemeshani, simu ilipoita.

"Dada." Nyuma yake injini ilikuwa inanguruma. "Niko kituo cha mafuta. Mafuta yanakaribia kuisha. Huyu kijana hataki kunijazia mpaka nizime injini."

"Basi zima."

"Siwezi." Alianza kulia, yeye ambaye hakutoa chozi mchana kutwa. "Nimeendesha njia nzima bila kuzima. Mtoto amejikojolea kitini, sikusimama. Likigoma hapa, dada? Likigoma?"

"Hicho kitu kimekufa. Nimekikanyaga mwenyewe. Zima, mdogo wangu."

Nilisikia mlio wa injini ukikatika, kisha upepo, kisha mafuta yakiingia tangini. Yalichukua muda mrefu mno. Nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama saa ngapi. Kijana wa kituo alisema, "Tayari, mama."

"Geuza," nikamwambia.

Starta ikazunguka mara moja, injini ikaunguruma, na mtoto akacheka kwa sauti kubwa ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nilikaa chini nikalia kama mtoto mdogo.

"Limewaka?" kaka aliuliza kutoka ng'ambo ya shimo. "Dada, limewaka?"

Nilikata simu, nikachukua mkoba wangu na kwenda nyumbani bila kumjibu.