Tusonye Mbele

Kama kusonya kungekuwa somo la kufundishwa, mwalimu wa Kiswahili wa shule ile ndiye angekuwa mtunga mitihani. Alikuwa na msonyo mfupi wa wanafunzi wachelewaji, na mwingine mrefu kidogo wa walimu wenzake wanaosahihisha madaftari huku wanasinzia. Halafu alikuwa na mmoja mzito, wa kuvuta mate kutoka nyuma kabisa ya magego, aliomwekea Mkuu wa shule peke yake. Wanafunzi walimwita Mama Msonyo. Alilijua jina hilo na wala hakukasirika, kwa sababu aliona wamempatia.

Na tuseme ukweli, shule yenyewe ilistahili. Ilikuwa shule ya serikali pembezoni mwa mji, kati ya ghala la saruji na safu za vyumba vya kupanga, na bango la getini lilijigamba kwa herufi nyekundu: Taaluma, Michezo, Vipaji. Taaluma ipi, jamani? Mwalimu wa hisabati ndiye huyohuyo wa jiografia, na kote alifundisha kwa kusoma kitabu kwa sauti. Uwanja wa mpira uliinama upande mmoja kama meza iliyokatika mguu, kwa hiyo vijana walizoea kupiga mpira kuteremka. Nyumbani walishinda, wakienda ugenini walirudi na kapu la mabao. Kwaya ilijua nyimbo mbili, wa kupokea wageni na wa kuwaaga. Skauti waliipandisha bendera hadi katikati ya mlingoti, kamba ikakwama, wakapiga saluti hivyohivyo.

Kitu pekee chenye uhai pale kilikuwa klabu ya mdahalo, na klabu hiyo ilikuwa yake Mama Msonyo. Aliwafundisha watoto kusimama wima, kutafuta neno lenyewe na kuliweka mahali pake, na kumuuliza mkubwa swali bila kutetemeka magoti. Nahodha wao alikuwa msichana mwembamba wa kidato cha tatu, binti wa fundi cherehani, ambaye shule nzima ilimwita Wakili. Huyo ndiye mtoto ambaye Mama Msonyo hakuwahi kumsonya hata siku moja. Walikuwa wamefika fainali ya mdahalo wa shule zote za mji, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu tofali la kwanza liwekwe pale.

Mkuu wa shule naye alikuwa na jina lake la uani: Ubora. Hakuweza kumaliza sentensi bila kulitia neno hilo. Elimu yenye ubora, vyoo vyenye ubora, hata mvua ikinyesha ilikuwa mvua yenye ubora. Ilipokuja habari kwamba wakubwa wa elimu watapita kuchagua shule ya mfano, Ubora alipandwa na wazimu wa rangi. Mawe ya njiani yakapakwa nyeupe, mashina ya miti yakapakwa nyeupe, na ungezubaa kidogo nawe ungepakwa. Kisha akaamua kwamba ukuta unaotazama uwanja unahitaji kaulimbiu. Alijifungia ofisini asubuhi nzima akiitunga, watu wakanyata mlangoni kama kuna mgonjwa, akatoka na maneno mawili: Tusonge mbele.

Sasa, mwandiko wa Ubora ni kesi nyingine. G yake inaning'iniza mkia ovyo mpaka inafanana na Y, na Y yake usiiulize. Aliandika kwenye kipande cha karatasi, akampa fundi wa mabango, akaenda zake kwenye mkutano. Fundi akaandika alichokiona, kwa herufi kubwa za buluu, kila moja urefu wa mtoto wa chekechea: TUSONYE MBELE.

Mama Msonyo ndiye aliyeuona ukuta kwanza, asubuhi, akiwa na mkoba begani na kikapu cha madaftari mkononi. Alisoma mara ya kwanza, akarudia. Kisha alicheka mpaka akakaa chini kwenye jiwe jeupe na sketi yake ikachafuka rangi. Akamwita mwalimu wa michezo aje aone. Mwalimu wa michezo akaangalia huku na huku, akauma midomo, akasema yeye hajaona kitu. Haya, mtu mzima huyo, ana filimbi shingoni, anaogopa ukuta.

Ubora aliingia kwa geti la nyuma anakoegesha gari, akaenda moja kwa moja mstarini, akiupa ukuta mgongo. Alitoa hotuba kuhusu ubora, akaamuru shule nzima isome kaulimbiu mpya kwa sauti moja. Ikasoma. Kicheko kikaanzia mistari ya nyuma kikaja mbele. Ndipo Wakili aliponyoosha mkono, akauliza kwa adabu zote kama hapo pameandikwa kimakosa, au kweli wanaagizwa wasonye.

Ubora akageuka. Akasoma. Shingo ikamvimba. Hapo, angesema tu kwamba fundi amekosea, wote wangecheka pamoja na mambo yangeisha. Kopo la rangi lilikuwa bado chini ya ngazi na brashi ndani yake. Lakini huyu ni mtu ambaye tangu apewe ofisi hajawahi kukosea. Akasema neno hilo kalichagua mwenyewe kwa makusudi, ni Kiswahili cha kale chenye maana ya ndani, na mtoto asiyefika huko ndani asifanye mzaha. Hapohapo akamwondoa Wakili kwenye timu ya mdahalo, mpaka siku ya wageni asimame kwenye kipaza sauti aombe radhi.

Saa ya mapumziko Wakili alimfuata mwalimu wake chumba cha walimu. Hakulia. Alitaka kujua kitu kimoja tu, kama akaombe radhi au asiombe.

"Radhi ya nini? Ya kujua kusoma?" Mama Msonyo alimwambia, na msonyo mzito ukamtoka mbele ya walimu wote. "Siku hiyo wataniuliza mimi, maana lugha ni yangu. Na mimi nitasema lililopo. Wewe kaa ukijua nipo."

Mtoto akaondoka mabega yameshuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Na mwalimu naye alikuwa akimaanisha kila neno, tusimsingizie.

Kumbe Ubora, pamoja na upungufu wake wote, alijua kupima watu. Siku tatu kabla ya wageni alimwita Mama Msonyo ofisini, akamvutia kiti mwenyewe. Hakutisha wala hakubembeleza. Alianza kuzungumzia nafasi ya mwalimu wa taaluma, iliyokuwa wazi tangu mzee aliyekuwa nayo astaafu. Mama Msonyo alikuwa ameimezea mate nafasi hiyo miaka na miaka, na sababu aliitamka wazi kwa yeyote aliyemuuliza: mwalimu wa taaluma ndiye anayeshika funguo za maktaba. Maktaba ya shule ile ilikuwa stoo. Nyavu za magoli, madawati ya miguu mitatu, ngoma ya kwaya iliyopasuka, na chini ya hayo yote maboksi ya vitabu ambavyo mchwa walikuwa wakivisoma kuliko wanafunzi. Alikuwa ameomba funguo hizo mpaka akachoka.

Ubora akaziweka mezani, kati yao. Zilikuwa mbili, zimefungwa kwa kamba ya kiatu.

"Maneno mawili matatu tu kuhusu ule ukuta, Mwalimu," alisema. "Wewe ndiye mwenye lugha hapa. Ukisema wewe, nani atabisha?"

Mama Msonyo akauliza habari za mtoto. Akajibiwa kwamba mtoto ataomba radhi, atarudi kwenye timu, na hakuna atakayeumia. Mwalimu alitafuta msonyo wake mzito, ule wa kazi kama hizi, akaona haupo karibu. Akasema atafikiri.

Jioni alimweleza mama yake, aliyekuwa anaishi naye na ambaye bado alishonea majirani sketi za shule. Mama alisimamisha cherehani. Maktaba nzima kwa neno moja? Hata yeye angesema, tena angeongeza la pili bure. Kisha akauliza, huku anatafuta tundu la sindano, kuhusu huyo mtoto.

"Ataelewa," Mama Msonyo alisema. "Ni mtoto mwenye akili."

Kabla ya chakula cha usiku mama alikuwa ameshamwambia jirani wa kulia kwamba binti yake amepandishwa cheo.

Siku ikafika. Kwaya ikaimba wimbo wa kupokea. Afisa Elimu alishuka garini na miwani yake ya jua, akaonyeshwa mawe meupe, akaonyeshwa timu ya mpira ikifunga mabao ya kuteremka, akaketi chini ya turubai. Alipoinua macho akauona ukuta. Alisoma, akatabasamu kwa shaka, akamwinamia Ubora kumuuliza jambo. Ubora akasimama kwa furaha akatangaza kwamba mtaalamu wa lugha yupo, na atafafanua.

Mama Msonyo akaenda kwenye kipaza sauti. Kwenye mstari wa mbele Wakili alikuwa amesimama wima kama alivyofundishwa, anamtazama usoni, na kwa kweli alikuwa anatabasamu.

Mwalimu akafafanua. Alisema kwamba kusonya, katika lugha ya wahenga, ni kwenda mbele huku mtu akivuta nguvu kwa ndani, kama mbebaji anayevuta pumzi kabla ya kupanda mlima. Alisema maana ya dharau ilikuja baadaye, kwa uzembe wa watu wa mjini. Akatoa na mfano, eti wazee walikuwa wakisema jeshi limesonya mpaka likateka mji. Na kibaya zaidi, ulimi haukujikwaa popote. Uongo ulimtoka umenyooka, mzuri, wenye mifano, kuliko vipindi vyote alivyowahi kufundisha. Afisa Elimu aliandika. Mwalimu wa michezo alitazama viatu vyake. Mama Msonyo hakutazama tena mstari wa mbele.

Wakili akaitwa. Alipanda taratibu, akashusha kipaza sauti kifike kimo chake. Hakupandisha hata sauti.

"Mimi nilidhani kusonya ni kudharau," alisema. "Leo mwalimu wangu amenisahihisha, na mwalimu wangu hajawahi kunidanganya. Mkuu, naomba radhi kwa kuuliza." Akawageukia wenzake. "Ndugu zangu, naomba tumshukuru Mwalimu kwa maana aliyotupa. Tusonye mbele."

Msonyo ulianzia klabu ya mdahalo. Wakaudaka wachezaji wa netiboli, kisha kwaya, skauti, wavulana wa mpira na jasho lao, ukaenda mpaka kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza kule nyuma ambao hawakuelewa kitu lakini walijua kusonya. Msonyo mmoja, mrefu, wa shule nzima, kutoka nyuma ya magego, na macho yote yakiwa kwa mtu mmoja. Kila aina ya msonyo aliyoivumbua yeye darasani ilikuwemo humo, tena wameipatia barabara.

Na nani angewakataza? Neno lilikuwa na maana mpya, mtaalamu kasema, afisa kaandika. Ubora alipepesa macho, akakosa pa kutokea, akaanza kupiga makofi. Afisa Elimu naye akapiga. Akasimama akasema amefurahishwa na nidhamu ya shule hii, kwamba wanafunzi wamesonya vizuri, na kwamba atapendekeza shule nyingine za mji nazo zisonye. Kwaya ikaimba wimbo wa kuaga.

Funguo alipewa wiki hiyohiyo, na kamba yake ya kiatu. Alitoa nyavu, akatoa madawati na ngoma, akafagia mchwa, akapanga vitabu rafu kwa rafu kwa mikono yake mwenyewe. Wanafunzi hawakuja. Si kwamba walimkosea heshima. Walimwamkia vizuri kila walipokutana naye, na jina la Mama Msonyo likafa lenyewe. Hakuna aliyelitumia tena, hata kwa siri.

Asubuhi ya fainali basi la kukodi lilisimama chini ya ukuta wa buluu. Wakili alikuwa amerudishwa kwenye timu, na timu ilikuwa imemwomba mwalimu wa michezo aende nao. Eti kwa sababu anajua kupanga safari. Hata hivyo Mama Msonyo alimwita Wakili mlangoni pa maktaba, akamnyooshea kamusi kubwa kuliko zote, ile aliyoibandika jalada upya.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Chukueni hii. Mtaihitaji."

Wakili aliipokea kwa mikono miwili. Akaifungua, akafunua mpaka kwenye S, akashusha kidole ukurasani taratibu, akakisimamisha mahali. Alisoma kwa makini kama anavyosoma kila kitu. Kisha akaifunga, akamrudishia kwa mikono miwili vilevile.

"Hii haifai, Mwalimu," alisema kwa upole. "Maana yako haimo."

Akashuka ngazi, akapanda basi. Mama Msonyo alibaki mlangoni, kamusi kifuani, na nyuma yake maktaba imefagiliwa ikafagilika.